Mvua ya kupandia

Mvua ya kwanza ya maana ikishanyesha Njombe katikati ya Novemba, kesho yake maduka ya pembejeo hujaa kabla watu hawajanywa chai. Mifuko ya mbolea ya DAP inafungwa kwenye bodaboda, mbegu za mahindi zinanunuliwa mikono ikiwa bado na tope, na simu zinaanza kupigwa kutoka kilima hadi kilima.

"Shikamoo baba. Huko Uwemba imenyesha?"

"Marahaba mwanangu. Huku ni rasharasha tu, hata vumbi halijalala. Huko kwenu je?"

Wanaoulizana hivi hawapotezi salio kwa mazungumzo ya kupitisha muda. Kila mmoja anataka kujua kama hii ndiyo mvua ya kupandia, au ni ile ya kudanganya, inayoshuka siku mbili, ikaotesha mbegu, kisha ikatokomea na kuacha miche ikijikunja juani. Mkulima aliyepanda kwa mvua ya kudanganya hununua mbegu mara mbili. Aliyesubiri mno huvuna mahindi mabichi wakati baridi imeshaingia.

Wataalamu wa hali ya hewa wa kanda yetu wana kipimo chao cha mwanzo wa msimu. Mvua huhesabiwa kuwa imeanza ikiwa zimeshuka walau milimita 20 ndani ya siku 3, na ndani ya siku 21 zinazofuata pasiwepo kipindi cha ukavu cha wiki nzima. Ni kipimo kizuri, na kimefanya kazi kubwa ya kulinganisha mwaka huu na miaka iliyopita. Lakini kisome tena taratibu. Ili kujua kwamba mvua ya tarehe 15 Novemba ilikuwa ya kupandia, lazima ufike tarehe 6 Desemba. Mkulima anatakiwa kuamua tarehe 16, asubuhi, jembe likiwa begani.

Shughuli yote ya kutazama hali ya hewa kwenye nyanda hizi za juu inazunguka pengo hilo la wiki tatu.

Ugumu wa pili ni mwinuko. Kwenye ramani, Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una rangi moja. Ukitembea ndani yake unakuta nchi nne au tano. Ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Huko watu wanalala bila blanketi na kulima mihogo. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinakaribia mita 3,000. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mchana mmoja, ndani ya mkoa mmoja, mtu wa ziwani anaweza kuwa anatokwa jasho huku mwenzake wa Makete amevaa koti juu ya sweta, na tofauti kati yao ni zaidi ya nyuzi 10.

Mvua nayo ina upendeleo wake. Lupembe inatazama mashariki, juu ya bonde la Kilombero. Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa bahari unagonga ukingo wa milima pale, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Ndiyo maana chai imestawi Lupembe. Ukivuka mgongo wa milima na kuteremka Wanging'ombe kuelekea uwanda wa Usangu, upepo uleule umeshatua mzigo wake njiani. Huko alizeti na mtama vina akili kuliko chai. Ni safari ya saa chache kwa gari. Redio ikisema "Njombe itapata mvua za wastani," Njombe ipi?

Mwinuko unafanya tarehe ya kupanda iwe na uzito usiojulikana pwani. Mahindi yanayokomaa kwa miezi mitatu na nusu Morogoro huchukua miezi sita au zaidi hapa, kwa sababu mmea unaohesabu joto hauna haraka penye baridi. Hata mbegu zilizozalishwa kwa ajili ya nyanda za juu, kama UH 6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, zinadai muda huo. Mvua hukatika mwishoni mwa Aprili au Mei. Ukihesabu kurudi nyuma, unaona nafasi ni finyu: aliyepanda mwisho wa Desemba anaziomba mvua za Mei zisiondoke, na huwa zinaondoka.

Basi watu hutazama. Wanaanza Oktoba, mwezi wa moshi. Mashamba na vichaka vinachomwa, jua linazama likiwa jekundu, na vumbi la barabara za ndani linaingia hadi kwenye sufuria. Wageni hudhani mwezi wa joto kuliko yote ni Januari au Februari, kwa kuwa ndivyo ilivyo Dar es Salaam. Juu huku joto hufika kilele Oktoba na Novemba mwanzoni. Katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi, na hakuna mawingu ya kulizuia. Litapita tena utosini mwishoni mwa Februari, lakini wakati huo litakuwa nyuma ya mawingu na hakuna atakayeliona.

Dalili ni nyingi, na kila ukoo una zake. Kwenye miteremko ya chini, kuelekea Makambako na Ludewa, miombo inachipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba wakati ardhi bado ni kavu kama kigae. Mbayuwayu wanarudi. Korongo wanapita juu kwa makundi. Upepo wa kusi unalegea, unaanza kuvuma huku na kule. Usiku mwezi unavaa duara.

Nimekaa na dalili hizi kwa heshima, lakini sidhani zote zina uzito sawa, na nadhani tunawakosea wazee tunapozichanganya kwenye kapu moja na kuziita "maarifa asilia" kana kwamba ni shule moja. Miombo huchipua kila mwaka, mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Inafuata joto na urefu wa mchana, na inatumia maji iliyoyahifadhi. Inakwambia wakati umekaribia, haikwambii mvua zitatosha. Mbayuwayu wa Ulaya wanakimbia majira ya baridi ya kwao na hawana habari za shamba lako. Kumbikumbi wanaotoka ardhini na kuwafurahisha watoto hutoka baada ya mvua kulowesha ardhi: hao ni taarifa ya habari, si utabiri. Duara la mwezi ni chembe za barafu kwenye mawingu membamba ya juu kabisa. Linaonyesha kwamba unyevu umeanza kufika angani, pengine kutoka kwenye dhoruba iliyonyesha mbali, lakini halisemi utashukia bonde gani.

Dalili ninayoiamini zaidi ni ile inayochosha kuitazama: mawingu yanatoka wapi. Wakati wa kusi, kuanzia Mei, hewa yote inakuja kutoka kusini-mashariki, kavu na ya baridi. Msimu ukigeuka, ukanda wa mvua unaolifuata jua unashuka kusini, na hewa yenye unyevu inaanza kuingia kutoka upande wa Kongo, kaskazini-magharibi. Mzee anayesimama uani kwake jioni, akaona mawingu ya alasiri yameota upande wa Mbeya na yanasogea kuja kwake, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, anasoma kitu kilekile ambacho mtaalamu anakisoma kwenye picha ya setilaiti. Wingu moja kubwa lililojijenga peke yake juu ya kilima kwa sababu ya joto la siku hiyo ni jambo jingine kabisa. Hilo ndilo wingu la kudanganya. Methali yetu inasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini nahisi aliyeitunga hakuwahi kulima Makete, ambako mawingu hupita mlangoni mwaka mzima.

Kuna kipimo kingine ambacho hakimo kwenye orodha za dalili, labda kwa sababu hakina mvuto. Asubuhi baada ya mvua, mkulima mzoefu hapandi wala haendi dukani. Anachimba. Anapiga jembe mara moja katikati ya shamba na kuangalia unyevu umefika wapi. Mvua ya milimita 5, hata ikiwa imepiga bati kwa kelele za kutisha, hulowesha sentimita chache za juu tu. Inatosha kuiamsha mbegu, haitoshi kuilea. Mzizi unashuka, unakuta vumbi. Ikiwa udongo umelowa kina cha kiganja na vidole, mambo yameanza kuwa mambo.

Hapo ndipo kopo la kupimia mvua linapoingia, na sielewi kwa nini kifaa rahisi namna hii hakipo katika kila kijiji. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Milimita 20 zikishuka kwenye eka moja ni zaidi ya lita 80,000, yaani zaidi ya mapipa 400 ya kawaida. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, mdomo ukiwa sawa na kitako, na rula ya mtoto wa shule ya kupimia kina cha maji. Kinachoharibu kipimo ni mahali. Kopo likiwekwa chini ya mparachichi, linapima mparachichi. Linatakiwa kuwa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho, mdomo ukiinuliwa kidogo kutoka ardhini ili matone yanayodunda kwenye tope yasiingie. Vituo rasmi husoma saa tatu asubuhi, kila siku, hata Krismasi, na maji yanamwagwa baada ya kuandikwa. Aliyesahau kuyamwaga ana mvua ya siku mbili kwenye kopo moja, na daftari lake limeshaanza kusema uongo.

Desturi hii si ngeni. Enzi za ukoloni misheni na mashamba makubwa yalikuwa na vipimamvua vyao, na takwimu za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikusanywa na idara moja ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Leo kazi iko mikononi mwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, iliyopewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Vituo vyake ni vizuri. Tatizo si ubora. Ngurumo ya alasiri moja ya Novemba inaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Mji ukapata milimita 30, kijiji cha pili kikapata sifuri, na cha tatu kikapigwa mvua ya mawe iliyochana majani ya chai hadi yakafanana na mboga iliyokatwakatwa. Sehemu zote tatu zitaandikwa "Njombe, 30" kama kopo liko mjini.

Daftari la kilima chako halitakwambia mvua ya kesho. Litakwambia kwamba kwenye shamba hili, si la jirani wala la mjini, mvua ya kwanza ya Novemba ilikatika mara ngapi kwa wiki nzima katika miaka mitano iliyopita. Kumbukumbu ya kichwa haitendi haki hapo. Tunakumbuka mwaka wa mafuriko na mwaka wa njaa. Miaka ya katikati, ambayo ndiyo mingi, inayeyuka. Nimesikia ndugu wawili wakibishana, kwa sauti, kama mwaka fulani mvua ziliwahi au zilichelewa, na wote wawili walikuwa wakilima shamba lilelile.

Kuanzia Desemba mvua zikishashika, kutazama kunakuwa kazi ya kawaida. Nyasi zinazidi urefu wa mtoto, barabara zinakuwa supu, na ukungu unakaa mabondeni hadi saa nne. Kitulo, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005, maua yanafunguka kwa zamu hadi Aprili, na mbayuwayu buluu, ndege adimu duniani, wanazaliana kwenye nyasi hizo kabla ya kuondoka kuelekea upande wa Ziwa Victoria. Mianzi nayo inatoa utomvu wake mtamu: ulanzi unagemwa asubuhi na jioni, na mwaka wa mvua nzuri unajulikana kwa bei ya lita moja ya ulanzi mtamu. Mwenye viazi hana raha. Kwake ukungu wa siku tatu mfululizo, majani yakiwa hayakauki, ni wito wa kubeba bomba la dawa, kwa kuwa ugonjwa wa ukungu wa viazi unaweza kumaliza shamba kabla hajarudi kutoka mnadani. Wakati mwingine Januari au Februari mvua hukatika wiki moja au mbili. Mwenye mahindi analalamika, mwenye viazi anapumua.

Kisha Juni. Hapa ndipo nyanda za juu zinapojitenga na Tanzania nyingine yote. Kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, mgandamizo mkubwa wa hewa unaimarika na kuisukuma hewa baridi hadi kwetu. Lupembe, inayopokea upepo huo usoni, hupata manyunyu na mawingu mazito wakati wote wanadhani ni kiangazi. Njombe mjini na Makete, nyuma ya ukingo, mara nyingi anga husafishika ikawa buluu tupu, na hilo ndilo la kuogopa.

Usiku wa Julai usio na wingu wala upepo, ardhi inatoa joto lake moja kwa moja kwenda angani. Wingu lingekuwa blanketi, halipo. Hewa iliyogusana na ardhi inapoa, na hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inateremka mteremko polepole kama maji na kutuama bondeni. Kumbuka bondeni kuna nini. Kuna vinyungu: matuta ya kiangazi yanayolimwa na Wahehe na Wabena kwenye ardhi oevu, yenye viazi, maharage, mboga na mahindi ya kuchoma, yanayoleta fedha ya ada za shule wakati ghala linapungua. Maji yako bondeni, na baridi kali kuliko zote iko bondeni pia. Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa sakitu, barafu nyembamba inayokatika chini ya viatu. Jua likitoka, majani ya viazi yanakuwa meusi na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukipanda mita thelathini tu juu ya mteremko, shamba la jirani ni la kijani, halina habari.

Kwa hili, kipimajoto cha kituo nacho kinaweza kupotosha. Kinakaa ndani ya kijumba cheupe, mita moja na robo juu ya ardhi. Kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri usiku uleule ambao jani la kiazi, lililolala karibu na ardhi chini ya anga tupu, limeshashuka chini ya sifuri. Wakulima wa vinyungu wanajua hili bila kipimajoto. Utawaona jioni wakitazama mambo matatu: anga kama haina wingu, moshi wa jikoni kama unapanda wima, na nyota kama zimejaa. Yote matatu yakitimia, wanaobahatika kuwa na nyasi kavu wanafunika miche michanga. Utabiri wa namna hii ni wa saa kumi na mbili tu mbele, na sijaona wa kuushinda.

 

Narudi Oktoba, maana Oktoba ndipo TMA hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, Novemba hadi Aprili. Siku hizi utabiri unashuka hadi ngazi ya wilaya, na hiyo ni hatua. Lakini maneno yake, "wastani", "juu ya wastani", "chini ya wastani", yanahusu jumla ya mvua ya miezi yote. Msimu unaweza kuwa wa wastani kabisa kwa jumla huku ukiwa na ukavu wa siku kumi mwishoni mwa Novemba. Kwenye karatasi hakuna kilichoharibika. Shambani mtu amenunua mbegu mara mbili.

Halafu kuna El Niño, ambayo kila redio inaipenda. Kaskazini na pwani, mwaka wa El Niño mara nyingi huja na vuli nzito. Waliokuwepo 1997 hawahitaji kukumbushwa. Kusini mwa Afrika, Zambia na Zimbabwe kwa mfano, El Niño mara nyingi ni ukame. Nyanda zetu za juu kusini ziko katikati ya pande hizo mbili, na ishara inayofika hapa ni dhaifu, wakati mwingine huku, wakati mwingine kule. Mtangazaji akiwa Dar es Salaam anawaambia watu wote wajiandae kwa mafuriko, na mkulima wa Wanging'ombe anaacha kununua mbegu inayovumilia ukame. Utabiri haukukosea. Haukuwa wake.

Wakulima wengi wameshafanya uamuzi wao kimyakimya: hawaiamini mvua yoyote ya Novemba kwa asilimia mia. Eka moja hula kilo 8 hadi 10 za mbegu, na mbegu huuzwa kwa mifuko ya kilo 2. Mvua ya kwanza ikifikisha unyevu unaoridhisha, mifuko miwili inaenda ardhini, mingine inabaki ndani. Mvua ya pili ikija ndani ya wiki, yote inamalizwa. Isipokuja, kilichobaki ni cha kurudishia. Njia hii ina gharama. Vibarua wanalipwa mara mbili, palizi haiendi kwa mstari mmoja, na kipande kilichochelewa ndicho kinachoshambuliwa zaidi na viwavijeshi vamizi, waliofika nchini 2017. Mwenye eka kumi na trekta la kukodi hawezi kuifuata. Trekta likija, linalima lote. Ni njia ya mwenye eka moja na nusu, mwenye jembe la mkono, anayeweza kukagua udongo wake mwenyewe kabla ya kifungua kinywa.